Maana ya Riwaya ya Mapenzi ya Kihistoria ya Maofisa wa Vita

Riwaya ya mapenzi ya kihistoria ni hadithi ya kubuni ambayo kiini chake ni mapenzi ya watu wawili walioishi katika zama zilizokwisha kupita, na ambayo kwa kawaida humalizika wawili hao wakiwa pamoja. Tawi lake mojawapo humweka ofisa wa jeshi katikati ya masimulizi, akiwa anangoja vita, yumo vitani, au ndiyo kwanza amerudi. Kuhusu zama, wengi huhesabu miaka hamsini au zaidi kabla ya riwaya kuandikwa, ili mwandishi alazimike kutafiti badala ya kutegemea kumbukumbu zake.

Kwa nini ofisa, si askari wa kawaida? Jibu liko Ulaya, ambako tawi hili lilikomaa. Katika jeshi la nchi kavu la Uingereza, hadi mwaka 1871, vyeo vingi vya uofisa vilinunuliwa kwa fedha, hivyo sare ya luteni ilitangaza ukoo na mali ya mvaaji kabla hajafungua kinywa. Amani ilipokuja, maofisa wengi walibaki na nusu mshahara, na kijana aliyekuwa mchumba wa kutamaniwa akageuka mtu ambaye baba wa binti humfikiria mara mbili. Mandhari inayopendwa kuliko zote ni dansi ya Brussels ya usiku wa tarehe 15 Juni 1815, ambapo habari za kusonga mbele kwa Napoleon, mtawala wa Ufaransa, ziliwakuta maofisa ukumbini, na baadhi yao wakapigana kesho yake wakiwa bado wamevaa nguo za dansi.

Hapo ndipo dhana yenyewe inapoonekana. Vita katika riwaya hizi ni saa inayohesabu: huwanyima wapendanao muda, hivyo neno ambalo lingesubiri posa na wazee kukaa vikao hulazimika kusemwa usiku uleule. Ukiweza kuviondoa vita na mapenzi yakabaki vilevile, unachosoma ni mapenzi ya kawaida yaliyovishwa sare, na kwa maoni yangu riwaya nyingi za aina hii huangukia hapo.

Sisi wa Lindi na Mtwara hatuhitaji kuiazima Brussels. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, Mahiwa, huku kwetu Lindi, palipiganwa mojawapo ya mapigano makali kuliko yote ya Afrika Mashariki, ambapo upande wa Waingereza, wakiwemo wanajeshi kutoka Nigeria, ulipoteza zaidi ya watu 2,500 kwa kuuawa na kujeruhiwa. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliwaacha wagonjwa na majeruhi wake wengi Nambindinga, akavuka Ruvuma na wale walioweza kutembea. Wake za askari waliandamana na msafara huo, wakipika na kubeba vyombo, watoto wakiwa mgongoni. Sasa mfikirie mke ambaye mumewe yumo miongoni mwa walioachwa, naye ana saa chache tu za kuamua kama atafunga mzigo wake au ataufungua.

Lakini neno «ofisa» hapa lina mushkeli. Katika jeshi la Wajerumani, efendi ndicho kilikuwa cheo cha juu kabisa alichoweza kufikia Mwafrika, na waliokifikia walikuwa wachache mno; wengine walikuwa na vyeo vya chini kama ombasha na shaushi, au walikuwa askari tu, sembuse wapagazi ambao hawakuwa na cheo chochote. Mwandishi wa kwetu atakayeng'ang'ania ofisa atajikuta anasimulia mapenzi ya Wazungu yaliyopita Lindi njiani.

Kwa bahati, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilitupa maofisa wengine. Josina Mutemba alikuwa mmoja wa wanawake 25 wa kwanza wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, waliopata mafunzo ya kijeshi Nachingwea, na mwezi Mei 1969 akafunga ndoa na Samora Machel, kamanda wa jeshi la FRELIMO, huko Tunduru kwa jirani zetu. Miaka hamsini imeshapita, kwa hiyo kisa hicho kimeiva kuitwa historia. Tatizo lake ni mwisho: Josina alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na umri wa miaka 25. Anayetaka kukiandika kwa kufuata kanuni za riwaya ya mapenzi itambidi aweke kalamu chini siku ileile ya harusi.