“Hayo ni ya vitabuni”: dhana potofu za ofisi ya mshauri wa wanafunzi

Mwaka wa masomo ukifunguliwa, njia ya Nyegezi kwenda Malimbe hujaa mabegi na magodoro. Ofisi za washauri wa wanafunzi hapa Mwanza nazo huanza mbio: wiki ya utangulizi, semina ya stadi za maisha, bonanza. Nilifanya kazi kwenye ofisi moja ya aina hiyo kwa muda, na kauli hizi nilizisikia mpaka nikazizoea.

“Nadharia ni za mtihani. Kazi hii inataka uzoefu.”

Anayesema “vijana wa siku hizi hawapendi semina” tayari ametoa nadharia, ila hajaiandika, kwa hiyo hakuna wa kuihoji. Alexander Astin, mtafiti wa elimu ya juu wa Marekani, aliandika yake mwaka 1984: mwanafunzi hukua kwa kadiri ya nguvu anazotia kwenye maisha ya chuo, za mwili na za akili, na programu ipimwe kwa jinsi inavyomvuta atie zaidi. Unaweza kumpinga, kwa sababu angalau unajua amesema nini.

“Ukumbi ukijaa, programu imefaulu.”

Semina yetu ya matumizi ya bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, ilikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Karatasi ya mahudhurio ilirudi imejaa mbele na nyuma. Nilipoikagua, majina mengi ya ukurasa wa nyuma yalikuwa na mwandiko mmoja, kila “g” ina mkia uleule. Waliofika kweli, wengi walichukua soda wakapotea kabla mtoa mada hajagusa bajeti. Ripoti ikasema semina imefana sana.

Cha kupima kilikuwa wazi: wiki ya sita baada ya bumu kuingia, nani bado ana hela ya kula? Na swali hilo ulitakiwa kuliuliza kabla ya semina pia, maana wapo waliokuja chuoni wakijua kubana matumizi tangu kwao. Usipojua mtu aliingiaje, huwezi kujisifu kwa alivyotoka.

“Nadharia za Wamarekani hazituhusu.”

Hapa pana nusu ya ukweli. Vincent Tinto, mwaka 1975, aliona wengi huacha chuo kwa kutoshikamana nacho, kimasomo na kijamii. Aliandamwa na wakosoaji, baadhi wakiwa Wamarekani wenzake. Mwaka 1985 John Bean na Barbara Metzner waliandika kuhusu wanafunzi wasioishi chuoni, wakasema hao huvutwa zaidi na ya nje: hela, kazi, familia. Hebu soma hayo ukiwa Luchelele, kwa kijana wa geto, chumba cha kupanga nje ya chuo, anayechota maji alfajiri kabla ya kipindi na jioni anakaa kwenye kibanda cha miamala ya simu. Ukiweka klabu zote saa moja usiku, umewapangia wa hosteli tu. Tulipohamishia kikao kimoja saa saba mchana, pale kantini, hawakuja wengi, lakini kwa mara ya kwanza walikuja wa geto.

“Utafiti unataka bajeti.”

Daftari, kalamu na maswali matatu mlangoni. Tuendelee.

“Asiyekuja ofisini hana shida.”

Mwaka 1989 Nancy Schlossberg aliandika kwamba mtu anayehamia mahali papya anahitaji kuhisi kuna anayemwona, na kwamba asipokuwepo ataulizwa. Sisi tulikuwa na kompyuta na orodha ya wote wa mwaka wa kwanza. Asubuhi moja aliingia mama ntilie wa getini, mikono bado ina unga.

“Mwalimu, yule binti wa Ukerewe simwoni, wiki ya pili hii. Mzima kweli?”

Nikamuuliza jina. Hakulijua. Alijua tu kwamba hula wali dagaa, bila pilipili, na hukaa benchi la mwisho.

Tulimpata siku ya tatu.