Kwa nini muuguzi wa watoto huuliza habari za nyumbani kabla ya kumgusa mtoto?

Mtoto ana homa na kikohozi. Mama amembeba mpaka kliniki akitarajia kipimajoto, pengine sindano, kisha dawa. Muuguzi anakaa hatua mbili mbali nao, anamtazama mtoto bila kumgusa, na kuanza kuuliza: chumbani mnalala wangapi? Mchana anabaki na nani? Usiku nani atampa dawa? Wazazi wengi huona anapoteza muda, na wengine hukwazika wakidhani wanapelelezwa. Kumbe uchunguzi umeshaanza. Umri wa mtoto na nyumba anayotoka hubadilisha maana ya karibu kila kipimo kitakachochukuliwa, na ndivyo vitakavyoamua kama dawa itaingia mwilini kwa kiasi kinachotakiwa.

Tuanze na huko kukaa mbali. Kwa mtoto anayekohoa, idadi ya pumzi kwa dakika ni kati ya vipimo vyenye thamani kubwa zaidi, nacho hakihitaji chombo zaidi ya saa. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka mipaka yake kwa umri. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka. Kuanzia miezi 2 hadi 11 mpaka ni 50, na kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5 ni 40. Kwa hiyo pumzi 44 ni za kawaida kwa mtoto wa miezi 8, lakini kwa wa miaka 2 anayekohoa zinaweza kuwa dalili ya nimonia. Huhesabiwa dakika nzima, si nusu dakika na kuzidisha mara mbili, kwa sababu mtoto hapumui kwa mwendo mmoja. Kichanga wa chini ya miezi 2 akifikisha 60 huhesabiwa upya. Na hesabu yote ina maana tu mtoto akiwa ametulia. Akilia, pumzi na mapigo ya moyo hupanda, na kifuani husikii kitu ila kilio.

Ndiyo maana mpangilio wa uchunguzi wa mtoto mdogo haufuati ule wa mtu mzima wa kuanzia kichwani kushuka miguuni. Kwanza kumtazama, kisha kuhesabu pumzi kwa saa, kisha kusikiliza kifua, kisha tumbo. Masikio na koo huachwa mwisho kwa sababu karibu kila mtoto hulia hapo. Mwanagenzi akianza na koo ameharibu yote yaliyobaki.

Kuanzia miezi 6 hadi 8 hivi, mtoto huanza kuwaogopa wageni. Sasa anazijua sura za watu wake, na anaona hii si mojawapo. Kichanga wa miezi 3 unaweza kumlaza kitandani ukamchunguza huku ukimsemesha. Wa miezi 10 mwache papo hapo mapajani, zungumza na mama kwanza, gusa mguu kabla ya kifua, na stetoskopu uipashe joto kiganjani. Wa miaka 2 ana lake: ndiyo kwanza amegundua nguvu ya neno “hapana”. Ukimwuliza “nikusikilize kifua?” atakataa, na ukiendelea baada ya kukataa umemfundisha kwamba maswali yako si ya kweli. Mpe uchaguzi unaoweza kuutimiza upande wowote atakaochagua: tuanze na mkono huu au ule? Ukae kwa mama au kwa baba?

Kati ya miaka 3 na 6 kikwazo huwa lugha, na Kiswahili cha hospitalini kina mitego yake. Tunasema “utachomwa sindano”, na mtoto anajua kinachochoma ni moto. Tunasema “utapigwa picha ya kifua”, na anajua kupigwa ni nini, tena ni kwa sababu umekosea. Tunasema “tunakuchukua damu”, naye hajui kwamba ni kidogo tu na kwamba mwili hutengeneza nyingine. Mtoto wa umri huu huyachukua maneno kama yalivyo. Pia huunganisha mambo kwa kuwa yamefuatana: asubuhi alimkosea dada yake, jioni akaumwa, basi ugonjwa ni adhabu. Mzazi anayetisha “ukisumbua, nitamwambia nesi akudunge” anaikomaza imani hiyo bila kujua, na chanjo inayofuata itakuwa vita.

Dawa yake ni kumweleza atakachohisi. “Kitu chembamba kitaingia mkononi. Kitauma kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, halafu kitatoka.” Usimwambie haitauma, maana ikiuma hatakuamini tena. Mwambie waziwazi kwamba hakuna kosa alilofanya lililoleta ugonjwa huu. Plasta mbandikie hata kama damu imeshakauka, kwa sababu kwake tundu lililoachwa wazi linaweza kumwaga kila kilichomo. Muda wa kumwambia nao hutegemea umri: wa miaka 2 ajulishwe dakika chache kabla, kwani hana kipimo cha kesho. Wa miaka 9 aelezwe siku kadhaa mapema, apate nafasi ya kuuliza.

Somo chungu kuliko yote katika uuguzi wa watoto lilitoka wodini. Hadi katikati ya karne ya 20, hospitali nyingi za Ulaya ziliwaruhusu wazazi kumwona mtoto aliyelazwa kwa muda mfupi sana, kwa hoja kwamba ujio wao huleta maambukizi na kuwaliza watoto. Mwaka 1952 James Robertson, aliyefanya kazi jijini London na John Bowlby, daktari wa akili aliyechunguza uhusiano wa mtoto na mama, alimrekodi kwa filamu mtoto wa kike wa miaka 2 na miezi 5 aliyelazwa siku 8 bila mama kukaa naye. Kutokana na watoto wengi aliowachunguza, alieleza hatua tatu. Kwanza mtoto hulia na kumtafuta mama. Kisha huingia huzuni ya kimya. Mwisho hujitenga: anakula, anacheza, anawachekea wahudumu, na mama akija anamgeuzia mgongo. Wodi zilikuwa zikiiita hatua hii ya tatu “amezoea”. Alikuwa ameacha kutarajia. Mwaka 1959 ripoti ya kamati ya Platt nchini Uingereza ilipendekeza wazazi waruhusiwe kumtembelea mtoto muda wowote, na mama wa watoto wadogo waweze kulazwa pamoja nao.

Kwa hiyo mtoto wa miaka 2 anayelia mama akiondoka anaonyesha uhusiano wenye afya. Aliyenyamaza kabisa ndiye wa kuangaliwa kwa makini. Mama akilazimika kutoka, amuage. Akichepuka mtoto akiwa amelala, mtoto huanza kuogopa usingizi wenyewe. Na wakati wa kulazwa muuguzi huandika kwenye faili jina la mtoto la nyumbani, hulala ameshika nini, na anapotaka kukojoa husemaje. Hili la mwisho lisipoandikwa, mtoto aliyeacha nepi miezi mingi iliyopita ataita kwa neno ambalo wahudumu hawalijui, atajikojolea, na ataonekana amerudi nyuma. Kurudi nyuma kwenyewe kupo, tena ni kawaida chini ya mfadhaiko: mtoto hutaka tena chupa, hujikojolea, huongea kitoto. Huisha hali ikitulia. Kumwadhibu hurefusha.

Upande wa kadi ya ukuaji, kosa kubwa ni kusoma nukta moja. Mtoto mwembamba ambaye mstari wake unapanda sambamba na mikunjo ya kadi kwa kawaida hana shida. Mnene ambaye mstari wake umelala kwa miezi kadhaa ndiye wa kuchunguzwa. Kosa la pili ni kumhesabia mtoto njiti umri kuanzia siku aliyozaliwa. Aliyezaliwa wiki ya 32 aliwahi kwa wiki 8. Akiwa na miezi 6 hulinganishwa na wa miezi 4, na marekebisho haya huendelea mpaka miaka 2. Bila hivyo mama huambiwa mtoto amechelewa kukaa, ilhali yuko palepale anapopaswa kuwa. Viwango vya WHO vya mwaka 2006 vinaonyesha watoto wenye afya huanza kutembea peke yao kati ya miezi 8 na 18 hivi, na wapo wasiotambaa kabisa. Kinachodai hatua ya haraka katika umri wowote ni mtoto kupoteza uwezo aliokuwa nao: alisema maneno, sasa hasemi.

Sasa lile swali la mnalala wangapi. Mfano mwepesi ni upele wa kuwasha, ule unaoletwa na vijidudu vinavyochimba ngozi. Mtu anayeupata kwa mara ya kwanza huanza kujikuna wiki 2 hadi 6 baada ya kuambukizwa, na muda huo wote anaambukiza. Ukimpaka dawa mtoto mmoja anayelala na ndugu watatu, umewatibu wote kwa robo. Watu wote wa nyumba hupakwa siku moja, hata wasiowashwa, na nguo na mashuka hufuliwa kwa maji ya moto siku hiyohiyo.

Nani atampa dawa? Hapa hutokea makosa mengi, tena kimyakimya. Kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5, na cha chakula ni 15: neno “kijiko” peke yake linaweza kumaanisha dozi moja au tatu. Kisha kuna nguvu ya dawa. Mtoto wa kilo 10 anayepewa paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo anahitaji miligramu 150. Kwenye chupa ya miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 6.25. Kwenye chupa ya miligramu 250 katika mililita 5, ni mililita 3 tu. Bibi aliyezoea chupa ya kwanza, akiletewa ya pili, atampa zaidi kidogo ya mara mbili ya dozi kwa nia njema kabisa. Muuguzi hutoa bomba la kupimia lisilo na sindano, huchora alama kwenye mstari unaohusika, na humwomba atakayempa mtoto dawa, hata kama si mama, avute kipimo mbele yake. Kumwuliza “umeelewa?” hakusaidii, kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo.

ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa mtoto anayeharisha, nayo huharibika hivyohivyo. Pakiti ya kawaida ni ya lita 1 ya maji safi. Ikichanganywa kwenye maji kidogo, chumvi huzidi na inaweza kumdhuru mtoto. Kwenye maji mengi, haifanyi kazi yake. Ndiyo maana muuguzi anauliza nyumbani mna chombo gani cha lita moja.

Maswali mengine humhusu mama mwenyewe. Sonona baada ya kujifungua hupunguza kumsemesha na kumtazama mtoto, na mara nyingine huvuruga unyonyeshaji, hivyo uzito usiopanda unaweza kuwa dalili ya ugonjwa ulio kwa mama. Kipimo cha Edinburgh cha kutambua sonona hiyo, kilichochapishwa mwaka 1987, kina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, na alama zake hufika 30. Swali la kumi ni la kutaka kujidhuru, na jibu lolote isipokuwa “kamwe” hufuatiliwa palepale hata jumla ikiwa ndogo. Mama asiulizwe mbele ya mume au mkwe, maana majibu hubadilika.

Kijana wa miaka 14 pia apewe muda wa peke yake na muuguzi, na kabla ya swali la kwanza aambiwe mpaka wa siri: “Tutakayozungumza yatabaki hapa, isipokuwa nikigundua kuna mtu anakudhuru, au unataka kujidhuru, au kumdhuru mwingine. Hapo nitalazimika kumshirikisha mtu, na wewe utakuwa wa kwanza kujua.” Maswali huanza na nyumbani na shule, kisha marafiki, na mwisho vilevi, mapenzi na mawazo ya kujiua. Kuuliza kuhusu kujiua hakumpi kijana wazo hilo. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza mtu kumwuliza.