Kope Zinazoshuka Jioni: Maswali na Majibu kuhusu Kipimo cha Neva

Swali: Kope za mama hushuka kila jioni, na akila nyama taya humchoka kabla hajamaliza. Daktari ameagiza apimwe neva kwa umeme. Anatafuta nini?

Udhaifu unaopungua baada ya kupumzika na kuzidi kadiri siku inavyosonga humfanya daktari ashuku miastenia gravisi, ugonjwa ambao kingamwili za mtu mwenyewe hushambulia vipokezi vya msuli, pale neva inapokutana nao. Neva hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, nayo ikivishika vipokezi hivyo msuli hujikaza. Neva ikiamshwa mfululizo, kemikali hiyo hupungua kwa kila mtu, ila asiye mgonjwa ana akiba ya kutosha asihisi tofauti yoyote. Kipimo hiki huutafuta uchovu wa mgonjwa waziwazi badala ya kungoja jioni ifike.

Swali: Hupimwaje, na je, huumiza?

Elektrodi za kunata, yaani vibandiko vinavyonasa umeme wa msuli, hubandikwa juu ya msuli, kwa mfano ule wa ukingo wa kiganja upande wa kidole cha mwisho, kisha neva yake huamshwa kwa umeme kwenye kifundo cha mkono, mara 2 au 3 kwa sekunde. Kompyuta huchora wimbi kwa kila mshtuko. Wimbi la 4 au la 5 likipungua kwa zaidi ya asilimia 10 likilinganishwa na la kwanza, na hali hiyo ikijirudia kipimo kinaporudiwa, shaka ya daktari hupata nguvu. Baadaye mgonjwa huombwa akaze msuli kwa sekunde 10, na mawimbi huweza kurudi karibu na kawaida. Akiukaza kwa dakika nzima, upungufu huonekana zaidi dakika 2 hadi 4 baada ya hapo, kwa hiyo kazi hii haiharakishwi. Mshtuko hukera na mkono huruka, lakini hakuna sindano. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aseme mapema.

Swali: Ajiandae vipi?

Asipake mafuta siku hiyo, na mikono yake iwe na joto. Jambo hili la pili hupuuzwa, ilhali msuli wenye ubaridi hupokea ujumbe wa neva vizuri zaidi na kuficha ugonjwa. Mgonjwa aliyeshuka kwenye matatu asubuhi ya Julai, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Nairobi, anaweza kupewa majibu mazuri yasiyo ya kweli, hivyo mkono upashwe joto hadi ngozi ifikie angalau nyuzi 32 za Selsiasi. Kama ameanza kutumia piridostigmini, dawa ya kupunguza udhaifu wa miastenia, daktari huweza kumwambia aiache kwa saa 12 hivi kabla ya kupimwa. Asiiache kwa uamuzi wake, hasa ikiwa anapata shida ya kumeza au kupumua.

Swali: Majibu ya mkono yametoka sawa. Basi hana ugonjwa?

La hasha. Ningeuliza kwanza ni misuli ipi iliyopimwa. Miastenia hupenda uso, shingo na mabega kuliko vidole, na kipimo kilichoishia kiganjani hakijamtendea haki mtu ambaye tatizo lake ni kope. Ugonjwa ukiwa umeenea mwilini, kipimo huugundua kwa takriban wagonjwa watatu kati ya wanne. Ukiwa wa macho pekee, huwakosa nusu yao au zaidi. Hapo damu hupimwa kingamwili, au hutumika kipimo cha uzi mmoja wa msuli, ambacho ni makini zaidi ila huhitaji mtaalamu mzoefu.

Swali: Na yakionyesha upungufu, ni miastenia tu?

Si lazima. Upungufu huonekana pia katika ugonjwa wa Lambert-Eaton, ambao mara nyingi huambatana na saratani ya mapafu, ila humo wimbi huwa dogo tangu mwanzo, kisha hukua maradufu au zaidi baada ya msuli kukazwa kwa sekunde 10.

Swali: Tufanye nini tukisubiri tarehe ya kipimo?

Msimnunulie antibiotiki kwenye kemisti ya mtaani bila kutaja ugonjwa unaoshukiwa, kwa sababu siprofloksasini na jentamaisini huweza kuzidisha udhaifu. Akianza kukabwa na mate, sauti ikififia au akishindwa kupumua akiwa amelala chali, mpelekeni hospitali kwenye kitengo cha dharura usiku huohuo, tarehe au hakuna tarehe.