Chemirocha: Mtu wa Treni Aliyepewa Kwato Kericho

Litamke jina "Jimmie Rodgers" harakaharaka mbele ya mtu ambaye lugha yake haitenganishi j na ch. Atakachokurudishia kitakaribia sana "Chemirocha". Ndivyo walivyolisikia Wakipsigis wa Kapkatet, upande wa Kericho, sauti ya mwimbaji huyo Mmarekani wa muziki wa kantri ilipowafikia ndani ya gramafoni. Na hiyo "Che-" ya mwanzo kwao si ngeni hata kidogo, kwani majina chungu nzima ya wanawake huanza nayo: Chebet, Chelangat, Chepkemoi. Jina la mbali likaingia nyumbani bila kupiga hodi.

Wageni wanaotembelea idara yetu ya kumbukumbu za sauti hupenda kuuliza muziki wa kantri ulipendwaje hivi nchini Kenya. Wengi huja na jibu lao tayari: Jim Reeves, Dolly Parton, Kenny Rogers, redio ya Jumapili. Si kosa, ila huko ni mbele. Mimi huwarudisha nyuma, kwa Rodgers, kwa sababu alifika Kericho kabla ya hao wote, na alifika akiwa sauti tupu, hana sura.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, na mji unaomdai ni Meridian, Mississippi. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo. Baba alikuwa msimamizi wa mafundi wa reli, na kijana alipoonekana kupenda majukwaa kuliko shule, baba akamtia kazini: kuwapelekea maji wafanyakazi wa njia. Hao walikuwa wengi wao watu weusi, waliokuwa wakiinua vyuma vya reli kwa kuimba, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia kwa mapigo ya nyundo. Darasa lake la muziki lilikuwa hilo. Baadaye akawa mtu wa breki kwenye treni za mizigo, kazi ya kupanda mabehewa, kukaza breki na kuyaunganisha, mvua isinyeshe ama inyeshe. Mwaka 1924 madaktari walimwambia ana kifua kikuu. Dawa ya kukiponya haikuwepo. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, miaka kumi baada ya yeye kuzikwa.

Kazi ya reli ikamshinda, akabaki na gitaa. Tarehe 4 Agosti 1927 alisimama mbele ya maikrofoni ya kampuni ya santuri ya Victor mjini Bristol, katika jengo la wauza kofia kwenye barabara ya State, ambayo katikati yake ndipo unapopita mpaka wa Tennessee na Virginia. Alikuwa peke yake kwa sababu usiku uliotangulia yeye na bendi yake waligombania jina litakaloandikwa kwenye santuri, wakatengana. Msimamizi wa kazi ile, Ralph Peer, alirekodi siku zilezile waimbaji wa familia ya Carter pia. Ndiyo maana Wamarekani huitaja wiki ile wanapotaka kueleza kantri ilianzia wapi, ingawa watu walikuwa wakiimba milimani kabla ya Peer kuzaliwa.

Hapa naomba nikawie kidogo kwenye mitambo, maana bila hiyo Rodgers haeleweki. Hadi mwaka 1925 mwimbaji alikuwa anapaza sauti ndani ya pembe kubwa ya bati, na nguvu ya sauti hiyohiyo ndiyo iliyoisukuma sindano kuchora nta. Aliyeimba kwa upole hakusikika. Maikrofoni ya umeme ilibadilisha mambo: mtu mwenye mapafu mabovu aliweza kuimba kama anayezungumza na jirani yake barazani, na santuri ikamnasa. Santuri yenyewe, ile nzito inayozunguka mara 78 kwa dakika, ilibeba kama dakika tatu kila upande. Basi, wimbo ukawa dakika tatu.

Novemba mwaka huohuo, mjini Camden, New Jersey, akarekodi wimbo wa kwanza katika mfululizo aliouita Blue Yodel. Umbo lake ni la bluzi ya watu weusi: mshororo unaimbwa, unarudiwa, kisha wa tatu unaujibu. Mwishoni mwa ubeti ndipo anapopachika yodeli. Ukitaka kujua yodeli ni nini, anza kuimba kwa sauti ya kifuani, halafu iache ikatike ghafla na kuruka juu kama ya mvulana anayebalehe, kisha irudi chini bila aibu. Kwa wengi wetu ni ajali ya koo. Yeye aliifanya iwe kilio na kicheko kwa pamoja. Santuri hiyo iliuzwa kwa malaki, na mtu wa breki akawa tajiri. Akawa na gitaa la Martin lenye jina lake kwa lulu ya chaza kwenye shingo, na mgongoni limeandikwa neno moja, "Thanks", yaani asante. Akimaliza wimbo analigeuza, watu wanasoma.

Kampuni za Marekani enzi hizo ziliuza santuri za weusi na za wazungu kwa orodha mbali mbali, kana kwamba masikio nayo yana rangi. Julai 1930, jijini Los Angeles, Rodgers alirekodi Blue Yodel namba 9 akiwa na wanamuziki weusi wa jazi, Louis Armstrong kwenye tarumbeta na Lil Hardin Armstrong kwenye piano. Majina ya wenzake hayakuwekwa kwenye lebo. Isikilize tarumbeta ile inavyomjibu mwimbaji, uniambie kama inahitaji kutambulishwa.

Kifua kikuu hakikumwachia. Alihamia Kerrville, Texas, kufuata hewa kavu, na mwaka 1931 akaurekodi ugonjwa wake kwenye wimbo T.B. Blues, bila kuficha neno, wakati familia nyingi zilikuwa zinalinong'ona tu. Mei 1933 alikwenda New York kurekodi mara ya mwisho. Studioni waliweka kitanda kidogo: anaimba, analala, anaamka, anaimba. Tarehe 26, siku mbili baada ya wimbo wa mwisho, alifariki hotelini akiwa na miaka 35. Mwili ulirudishwa Meridian kwa treni. Alikuwa amerekodi nyimbo zaidi ya 100 katika miaka sita. Nashville ilipoanzisha ukumbi wake wa heshima wa muziki wa kantri mwaka 1961, alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza kuingizwa.

Sasa turudi Kapkatet. Mizigo ya Kericho enzi zile ilikuwa inashushwa stesheni ya Lumbwa, siku hizi Kipkelion, kwenye reli ya kwenda Kisumu, na gramafoni na santuri zilikuja pamoja na wazungu wa mashamba na wa misheni. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika, akafika na vyombo vyake vya kurekodi. Watu wakamwimbia nyimbo tatu zenye jina Chemirocha. Ya tatu ndiyo inayonifanya nisimamishe kazi: mwanamke aitwaye Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kipsigis, kinubi kikidunda chini yao, sauti zikipishana kwa wepesi. Hakuna yodeli. Kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, Chemirocha wao ni nusu mtu nusu swala, na wasichana wanamhimiza acheze ngoma yao ya kuruka, aruke hata nguo zimtoke.

Wapo wanaosimulia habari hii kwa kucheka ushamba wa Wakipsigis. Mimi siwaelewi. Sauti inatoka kwenye sanduku, haina mwili, inaruka toka kifuani hadi juu kwa namna ambayo koo la kawaida haliruki. Kumpa mwenye sauti hiyo miguu ya mnyama anayeruka ni usikivu mzuri kuliko wa wahakiki wengi wa New York. Na pengine walikuwa wanatania tu. Wasichana wakiimba pamoja hutania.

Miaka miwili baadaye, Tracey huyohuyo alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, leo Likasi, Katanga, akipiga gitaa na kuimba Kiswahili. Kanda za Tracey zimo katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha, ambayo sasa ipo chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Zaidi ya miaka 60 baada ya kurekodiwa, nyimbo za Kapkatet zilirudishwa kijijini. Iliwezekana kwa sababu jina la mwimbaji na la kijiji yalikuwa yameandikwa.

Kwa hiyo ukiwa na santuri za babu kabatini, zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze kwa mrundo. Usizipanguse kwa spiriti: zile nzito za zamani zimetengenezwa kwa gundi ya wadudu inayoyeyuka kwenye spiriti, na tumeletewa boksi zima lililokuwa limegeuka utelezi. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Kisha muulize bibi ni nani aliyezinunua, wapi, na zilipigwa siku gani, uandike kwa penseli kwenye bahasha, siyo kwenye santuri yenyewe.