Je, wajua kwa nini mashine pepe (kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi) huendelea kufanya kazi baada ya amri ya kuizima kufaulu?

libvirt ni maktaba ya programu ya chanzo huria iliyoanza mwaka 2005. Kupitia API yake, yaani seti ya amri ambazo programu nyingine huziita, programu moja huweza kuendesha mashine pepe za KVM, Xen na mifumo mingine ya aina hiyo. Mojawapo ya amri hizo, ziitwazo fankisheni, ni virDomainShutdown, ya kuzima mashine. Ikirudisha 0, imefaulu; ikirudisha -1, imeshindwa.

Imefaulu kufanya nini, hasa? Wengi huchukulia kwamba 0 maana yake mashine imeshazimika. Basi programu yao inaendelea na hatua inayofuata, tuseme kunakili faili la diski, kumbe mashine bado inaliandika faili hilohilo. Nakala inatoka na kasoro ambayo huenda isionekane mpaka siku itakapohitajika.

Ukweli ni kwamba fankisheni hii hupiga hodi tu. Ile 0 inathibitisha kuwa hodi imepigwa. Kufungua ni hiari ya aliye ndani, naye anaweza kuwa amelala, ana shughuli, au hasikii kabisa. Kwa mashine za KVM, hodi yenyewe mara nyingi ni ishara ya ACPI, ileile inayotumwa mtu anapobonyeza kitufe cha kuzimia kompyuta. Mfumo endeshi uliokwama hauitikii. Na hata ukiitikia, mpangilio wa on_poweroff, unaoamua kifanyike nini mashine inapojizima, unaweza kuifanya mashine iwake upya badala ya kuzimika.

Nyaraka za libvirt zinasema wazi kwamba mfumo ulio ndani unaweza kupuuza ombi. Tatizo ni mahali: onyo limo kwenye maelezo ya juu, ilhali mwandishi wa programu mwenye haraka hutazama mstari wa mwisho unaotaja 0 na -1. Kwa maoni yangu onyo lingekaa hapohapo, pamoja na njia ya kuhakikisha: uliza hali kwa virDomainGetState, au subiri tukio la mashine kusimama.

Kwa nini isibadilishwe fankisheni yenyewe? Kwa sababu libvirt imeahidi kwamba programu za zamani zitaendelea kufanya kazi. Kinachobaki kurekebishwa ni maneno, nayo yamo ndani ya msimbo wa libvirt, ulioandikwa kwa lugha ya C, kwenye komenti (maelezo ya mwandishi) iliyo juu ya kila fankisheni. Skripti iitwayo apibuild.py huzikusanya komenti hizo na kulalamika kigezo (thamani ambayo fankisheni hupewa) kisipoelezwa. Haiwezi kujua kama maelezo yanaeleweka. Hiyo ni kazi ya binadamu.

Tena maneno hayohayo husafiri hadi kwenye toleo la libvirt la lugha ya Python, ambako kushindwa hakurudishi -1 bali hurusha kosa la libvirtError. Anayeboresha mstari mmoja wa C, basi, amwazie pia msomaji ambaye hataiona hiyo -1 kamwe.