E5: alama ya CP/M iliyobaki kwenye kadi ya kamera yako

Wiki mbili zilizopita mpigapicha mmoja wa harusi aliingia ofisini kwangu ameshika kadi ya kamera ya GB 16 kwa vidole viwili, kama anayebeba yai. "Fundi, nimefuta harusi ya watu," akasema, kabla hata ya salamu. Alidhani ni kadi ya wiki ya nyuma, akafuta picha zote ili apate nafasi, kisha akaendelea kupiga. Aliposhtuka alikuwa ameshapiga nyingine kadhaa.

Kurejesha data ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo nilimvutia kiti, nikaichomeka kadi na kuifungua kwa programu inayoonyesha baiti moja moja. Kwenye saraka, yaani orodha ya faili zilizomo, mahali palipokuwa na faili ya IMG_0412.JPG, palikuwa na hivi, kila jozi ikiwa baiti moja kwa heksadesimali:

E5 4D 47 5F 30 34 31 32 4A 50 47

Anayezisoma namba hizi kila siku anaona mara moja: 4D ni M, 47 ni G, 5F ni ule mstari wa chini, halafu 0412, halafu JPG. Herufi I haipo. Mahali pake imekaa E5. Picha yenyewe haijaguswa, ila jina lake limeng'olewa jino la mbele.

Mpigapicha aliyekuwa akichungulia begani kwangu akauliza swali ambalo wateja hawaliulizi: kwa nini E5? Kwa nini wasiweke sifuri tu yakaisha? Nilianza kumjibu kwa sentensi moja. Nusu saa baadaye chai ilikuwa imepoa na mimi nilikuwa bado niko California mwaka 1974.

Mwaka huo Gary Kildall alikuwa mwalimu katika chuo cha uzamili cha jeshi la majini la Marekani, mjini Monterey, na pembeni akifanya kazi za ushauri kwa Intel. Ndiye aliyewatengenezea lugha ya PL/M ya kuandikia programu za prosesa zao. Shida yake ilikuwa mahali pa kuhifadhi kazi. Wakati huo programu za mashine hizi ndogo zilitunzwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, na kila marekebisho yalikuwa safari. Kildall alipata kiendeshi cha disketi za inchi 8 kutoka Shugart, kikakaa tu, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa programu, si wa waya na kulehemu. Rafiki yake John Torode ndiye aliyeunda saketi ya kukiendesha. Kildall akaandika mfumo wa uendeshaji wa kupanga faili juu yake, akauita CP/M.

Disketi ile ilikuwa na njia 77, kila njia sekta 26, kila sekta baiti 128. Zidisha: baiti 256,256. Picha moja ya yule mpigapicha ingehitaji disketi kama hizo zaidi ya kumi.

Sasa, E5. Disketi mpya za mtindo wa IBM 3740 zilitoka zikiwa zimejazwa baiti ya E5 kila mahali. Kwake E5 ndiyo iliyokuwa na maana ya "tupu", kama daftari jipya linavyokuja na mistari tayari. Kildall hakutaka mtu aanze kuiandaa disketi upya kwa ajili ya mfumo wake. Saraka ya CP/M ilikuwa na mistari ya baiti 32, kila faili na mstari wake, au zaidi ya mmoja ikiwa kubwa, na baiti ya kwanza kabisa haikuwa ya jina: ilisema hali ya faili. Katika toleo la 2, la mwaka 1979, ikawa namba ya mtumiaji, 0 hadi 15. Ikisomeka E5, mstari ni mtupu. Basi disketi iliyotoka dukani ilionekana tayari kama saraka isiyo na faili hata moja, bila mtu kuandika chochote. Na ukifuta faili kwa amri ya ERA, CP/M iliirudisha baiti hiyo moja kuwa E5 na kuondoka zake. Huo ni uvivu wa mtu mwenye akili, nami naupenda.

Lakini angalia: katika CP/M jina la faili iliyofutwa lilibaki zima, kwa sababu E5 ilikaa mbele ya jina na si juu yake. Zaidi ya hapo, nusu ya pili ya mstari ule, baiti 16, ilikuwa orodha ya vipande vya disketi vinavyoshika faili hiyo, nayo pia haikuguswa. Kurejesha faili kulikuwa ni kubadilisha baiti moja kwa kila mstari, ilimradi hujaandika kingine juu yake. Ningekuwa fundi wa zama hizo ningekufa njaa.

Si kwamba mfumo ule ulikuwa peponi. Ukibadilisha disketi bila kubonyeza Ctrl-C kwanza, ukajaribu kuandika, unapata "Bdos Err On A: R/O" na kazi yako yote iliyokuwa kwenye kumbukumbu imekwenda. Na urefu wa faili ulihesabiwa kwa vipande vya baiti 128 tu, ndiyo maana faili za maandishi ziliwekewa Ctrl-Z mwishoni kuonyesha maneno yanaishia wapi.

Kilichoifanya CP/M isambae ni kitu kingine kabisa. Kila kampuni ya kompyuta ilikuwa na saketi yake ya disketi, na Kildall alichoka kuandika upya mfumo mzima kwa kila mteja. IMSAI, watengenezaji wa kompyuta, walipokuja kununua leseni, kwa dola 25,000, sehemu inayogusa mashine akaitenga na isiyoigusa. Yote yanayojua waya na namba za mlango yakawekwa kwenye kipande kidogo kiitwacho BIOS, na kila mtengenezaji akaandika chake. Juu yake ikakaa BDOS inayojua faili, na juu kabisa CCP inayosoma amri unazochapa. Neno BIOS unaloliona ukiwasha kompyuta limezaliwa hapo. Kuanzia hapo mtu aliandika programu moja, kama WordStar ya kuandikia maandishi, ikafanya kazi kwenye mashine za makampuni ambayo hayajawahi hata kusalimiana. Aliyewauzia watu WordStar, Seymour Rubinstein, ndiye yuleyule aliyeijadili leseni upande wa IMSAI. Aliona mapema soko liko wapi.

Ila mlango ukiwa wazi, hauchagui wa kumwingiza. Kama programu inahitaji tu kujua namna ya kuiita BDOS, basi yeyote anayejibu wito huohuo anaweza kukaa mahali pa BDOS. Tim Paterson wa Seattle Computer Products alikuwa na bodi ya prosesa mpya ya Intel 8086 na hakuwa na mfumo wa kuiendesha, kwa kuwa CP/M ya 8086 ilikuwa ikichelewa. Mwaka 1980 akaandika wa kwake, akauita QDOS, jina la utani lenye maana ya mfumo wa haraka na mchafu. Baadaye ukawa 86-DOS. Intel walikuwa wametoa kanuni za kugeuza programu ya 8080, prosesa iliyoendesha CP/M, kuwa ya 8086 karibu mstari kwa mstari, kwa hiyo Paterson alihakikisha upande wa pili kuna mtu wa kupokea simu kwa namba zilezile.

Hivi ndivyo unavyoandika ujumbe kwenye skrini ndani ya CP/M:

MVI C,9
LXI D,UJUMBE
CALL 5

Na hivi ndivyo ndani ya DOS, jina la jumla la mfumo huo wa Paterson na uzao wake:

MOV AH,9
MOV DX,OFFSET UJUMBE
INT 21H

Namba 9 ni ileile. Katika zote mbili ujumbe lazima uishie kwa alama ya dola, $, jambo linalowakera wanafunzi mpaka leo maana hawawezi kuandika bei. Programu ya aina ya COM huanzia anwani ya 100H kwa wote wawili. Maneno unayochapa baada ya jina la amri yanakutwa 80H kwa wote wawili. Jina la faili la kwanza linakutwa limeshapangwa 5CH kwa wote wawili. Ukitaka kujua undugu wa mifumo hii, huhitaji mahakama. Fungua kumbukumbu utazame.

Je, ni wizi? Watu wamebishana miaka arobaini. Mimi nasema hapana, na nasema hivyo nikiwa namheshimu Kildall kuliko Paterson. Kuitikia wito uleule si kunakili msimbo wa ndani, na ni uwazi uleule uliomtajirisha Kildall mwenyewe. Na pale Paterson alipoona CP/M ina kasoro, hakuiiga. Hakupenda orodha ya vipande kukaa ndani ya saraka. Akachukua wazo la jedwali moja la ramani ya disketi nzima, FAT, ambalo Marc McDonald alikuwa ameshalitumia kwenye lugha ya BASIC ya Microsoft. Saraka ikaandika urefu wa faili kwa baiti kamili, na ile baiti ya mtumiaji ikatoka.

Hapo ndipo nilipogonga meza, mpigapicha akaruka. Paterson aliiondoa baiti ya mtumiaji, lakini alama ya kufuta akaiacha ileile, E5, tena mahali palepale, baiti ya kwanza ya mstari. Ila sasa baiti ya kwanza ya mstari ni herufi ya kwanza ya jina. Ndiyo maana programu za DOS kama UNDELETE zilikuwa zinakuuliza: herufi ya kwanza ilikuwa ipi? Saraka peke yake haikuweza kuziambia. Na ndiyo maana Wajapani walipata shida ya peke yao, kwa kuwa E5 inaweza kuwa mwanzo halali wa herufi ya kanji. Ikabidi jina kama hilo liandikwe 05, halafu mfumo ulisome kama E5. Kiraka juu ya kiraka.

Yaliyofuata yanajulikana. IBM walifika Pacific Grove kwa Kildall na mkewe Dorothy McEwen mwaka 1980, mazungumzo hayakufika mbali, wakaenda kwa Microsoft, na Microsoft wakainunua 86-DOS. Malipo ya mwisho, Julai 1981, yalikuwa dola 50,000. Vijiweni watu hupenda kisa cha Kildall kuwa angani na ndege yake siku hiyo. Kwangu mimi kisa kipo kwenye bei. IBM waliuza pia CP/M-86 kwa kompyuta ileile, kwa dola 240, wakati PC DOS, ndiyo 86-DOS kwa jina jipya, ilikuwa dola 40. Wewe ungenunua ipi?

Digital Research, kampuni ya Kildall, haikufa siku hiyo. Ilikuwa na MP/M ya watumiaji wengi tangu 1979, kisha CP/M Plus, ambayo Amstrad waliiweka kwenye kompyuta zao za PCW mwaka 1985, na pia Concurrent CP/M iliyoendesha programu kadhaa kwa pamoja wakati DOS ilikuwa bado inahangaika na moja. Ujerumani Mashariki Robotron walikuwa na nakala yao waliyoiita SCP. Tawi moja la mbali, FlexOS, liliishia ndani ya mfumo wa IBM 4690 wa mashine za kaunta za maduka makubwa, na huko likadumu miaka mingi bila mnunuzi yeyote kujua. Mwaka 1988 ikaja DR DOS: aliyeigwa akamuiga aliyemuiga, na toleo la 5 la mwaka 1990 lilikuwa bora kuliko MS-DOS ya wakati huo. Mwaka 1991 kampuni ikauzwa kwa Novell. Kildall alifariki 1994, akiwa na miaka 52.

Tawi ninalolipenda ni MSX-DOS ya 1984. Microsoft walitaka mfumo wa disketi kwa kompyuta za MSX, zenye prosesa ya Z80, ndugu wa 8080. Wakamwita nani? Tim Paterson. Naye akaandika mfumo unaoendesha programu za CP/M kama zilivyo, kwa wito uleule wa CALL 5, lakini chini yake disketi ni za FAT. Nakala ilirudi nyumbani kwa mzazi, ikalala kitandani kwake.

Mpigapicha akatazama saa. Nikarudi kwenye kadi.

Kwa FAT, ambayo kadi hiyo bado inaitumia, ukifuta, mnyororo wa vipande ndani ya jedwali unafutwa pia. Kinachobaki kwenye saraka ni mahali faili inapoanzia na urefu wake. Kwa bahati kamera huandika picha kwa mfululizo, kwa hiyo ukianza pale na kuhesabu baiti, mara nyingi unaipata nzima. Niliifuta E5, nikaandika 49, ambayo ni I, nikaandika upya mnyororo, na IMG_0412 ikafunguka: mama wa bibi harusi, kilemba kimeinama kidogo upande. Nyingine nikaziachia programu izimalize, maana sifanyi hivyo kwa mkono mara mia sita.

Nilimshauri anunue kadi kubwa zaidi, ingawa mimi itaniharibia mchezo. Kadi za GB 64 kwenda juu huja na exFAT, mrithi wa FAT, na huko E5 haipo tena: faili hai ina alama ya 85, ikifutwa inakuwa 05, na jina linabaki zima kama siku za CP/M.

Picha 38 za mwanzo hazikurudi. Zile alizopiga baada ya kufuta zilikaa juu yake, wageni wote waliokuwa wakiingia ukumbini. Akaniuliza kama naweza kumpa risiti inayosema kadi ilikuwa mbovu. Nikamwambia kadi ni nzima kabisa.