Msafara wa Pikipiki Kwenda Kutazama Fataki: Dhana Potofu na Ukweli

Kila Desemba inapoelekea ukingoni, vijana ninaowafundisha udereva wa pikipiki huanza kupanga safari ya pamoja kutoka Tegeta hadi ufukwe wa Coco Beach, hapa Dar es Salaam, wakatazame fataki za mkesha wa mwaka mpya, nami huambiwa sentensi ileile: “Mwalimu, tukibanana hakuna gari litakaloingia kati yetu, wala hakuna atakayepotea.” Mwaka huu nimeisikia hata kwa madereva wenye leseni ya siku nyingi, na siwezi tena kuijibu mtu mmoja mmoja.

Kubanana hakumlindi yeyote. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde, na dereva aliye makini huhitaji sekunde nzima au zaidi tangu aione taa ya breki ya mwenzake hadi breki yake mwenyewe ianze kushika. Aliyeacha mita 5 tu hana pa kusimamia, mwenzake akifunga breki ghafla. Mpangilio sahihi ni wa mshazari: kiongozi hukaa upande wa kulia wa njia yake, wa pili upande wa kushoto, wa tatu kulia tena, kila mmoja akiacha sekunde 1 baina yake na aliye mbele yake kwa mshazari, na sekunde 2 baina yake na aliye mbele yake moja kwa moja. Penye kona au barabara nyembamba, kundi lipange mstari mmoja. Gari likiingia katikati, liacheni liingie, litatoka.

Hofu ya kupotea ndiyo inayonikera zaidi, kwa kuwa ndiyo inayowakimbiza watu. Kwenye taa za Mwenge watano huvuka, wawili huzuiwa na taa nyekundu, kisha wawili hao huwafukuza wenzao kwa kilomita 80 kwa saa, usiku, huku watu wakivuka barabara kila mahali. Umbali wa kusimama kwa breki hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo kwa kilomita 80 unazidi mara mbili na nusu ule wa kilomita 50. Mara nyingi wanaofukuza ni wale wageni wa pikipiki, ambao kundi limewaweka mwisho kwa kudhani kwamba huko hawatamsumbua mtu. Mgeni akae nyuma ya kiongozi moja kwa moja, na mzoefu kuliko wote afunge msafara. Kila dereva amlinde aliye nyuma yake kupitia kioo cha pembeni, na kabla ya kukata kona, asipomwona, asimame mahali salama hadi atokee. Wakifanya hivyo wote, habari humfikia kiongozi bila simu, na hakuna haja ya kumfukuza mtu. Mimi siruhusu zaidi ya pikipiki 6 katika kundi moja, hata wanafunzi wanung'unike vipi. Wakiwa 10, wawe makundi mawili yenye viongozi wawili.

Wengine huamini kwamba taa kali zikiwashwa na kundi zima barabara huonekana vizuri zaidi. Zinampofusha aliye mbele kupitia vioo vyake. Nyuma ya mwenzako tumia taa za chini. Wapo pia wanaobeba fataki begini kana kwamba ni maandazi. Hiyo ni baruti, na pikipiki ina petroli na bomba la moshi lenye moto, kwa hiyo ziachwe kwa wenye kibali cha kuzirusha. Kuhusu bia moja tu, jibu langu ni hapana.

Huambiwa pia kwamba stendi ya pembeni inatosha popote. Kwenye mchanga huzama taratibu, na pikipiki moja ikilala huziangusha za jirani, kwa hiyo kila mmoja abebe kipande cha ubao cha kuweka chini ya stendi.

Mwisho ni wale wanaotaka kuwasha pikipiki mara tu fataki ya mwisho inapozimika, ili wawahi foleni. Jicho lililotazama mwanga mkali huhitaji dakika 20 hadi 30 kurudisha uwezo wake kamili wa kuona gizani, na wakati huohuo moshi umetanda na umati wa waenda kwa miguu, wengi wakiwa na watoto, umejaa barabarani. Kaeni nusu saa, mnywe maji, mfute vioo vya kofia zenu, mhesabiane, ndipo muondoke.